Hitilafu ya Umeme au Hitilafu ya Masikio?

Jioni moja ya Jumapili, umeme ulipokuwa umekatika mtaani mwetu hapa Kitengela, jirani yangu alinijia barazani, akaketi, akanyamaza kwa muda. Ni kijana mpole, afanyaye kazi katika kiwanda kimoja ambacho sikusudii kukitaja. Kila alfajiri yeye na wenzake wengi huonekana wakitembea kwa miguu kando ya barabara ya Namanga, kila mmoja na kifurushi chake cha chakula, kabla magari ya wakubwa hayajaanza kupita. Niliona ana jambo, nikamwacha alitoe mwenyewe.

"Mwalimu," akaniambia hatimaye, "wewe ni mtu wa maneno. Nikiona jambo la hatari kazini, na mimi si fundi, nilisemeje ili nisikike na nisifukuzwe?"

Akanieleza. Karibu na mashine anayoitumia pana sanduku la umeme lililopigiliwa ukutani. Kwa muda wa majuma mawili, kila mashine zote zinapofanya kazi kwa pamoja, yeye husikia harufu ya plastiki inayoungua, na apitishapo mkono karibu na kifuniko cha sanduku huhisi joto. Alimwambia msimamizi wake. Msimamizi akamuuliza, "Wewe ni fundi wa stima?" Akajibu la. "Basi rudi kwenye mashine yako." Alipolirudia jambo hilo siku nyingine, mbele ya wenzake, aliitwa mlalamishi, watu wakacheka. Mara ya tatu harufu ilipotokea, alinyamaza.

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba mimi si mhandisi. Shahada zangu zote ni za isimu: sauti, maumbo ya maneno, maana na matumizi yake. Lakini swali la kijana huyu halikuwa la nyaya. Lilikuwa swali la lugha: neno la mdogo lisemwe vipi hata limfikie mkubwa? Na kabla sijapata jibu la kumpa, swali hilo hilo lilinifuata hadi mahali pengine.

Wiki iyo hiyo nilialikwa kuwa mwamuzi wa mdahalo wa wanafunzi wa sekondari mjini Kajiado, mji ambao jina lake linatokana na Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Hoja ilikuwa kwamba Kenya ijenge kituo cha kawi ya nyuklia. (Kawi ndiyo nishati kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania.) Waliounga mkono hoja walizungumza kwa ufasaha kuhusu viwanda, ajira na bei ya umeme. Waliopinga walizungumza kuhusu mionzi na taka. Kisha akasimama msichana mmoja wa upande wa upinzani, mdogo wa umbo, akasema: "Bwana Spika, wenzangu wametueleza mengi kuhusu urani. Mimi nauliza jambo moja tu. Katika kituo hicho, siku kibarua atakapoona waya umelegea, atamwambia nani? Na huyo atakayeambiwa, atamsikia?"

Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilikuwa nimemkumbuka jirani yangu. Hapana shaka wengi walidhani binti yule ameacha jambo kubwa akashika dogo. Nataka leo nionyeshe kwamba alishika lililo kubwa.

Kwanza na tutazame waya uliolegea ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu huudharau. Umeme hupita kwa urahisi katika waya mzima wa shaba. Mashaka huanza penye kiungo, pale waya unapokutana na waya mwenziwe, au unapoingia katika swichi na kubanwa kwa skrubu. Kiungo kikikazwa barabara, umeme hupita kana kwamba hapana mpaka. Kikilegea, au kikishika kutu, au shaba ikiunganishwa na alumini bila kifaa kinachofaa, ukinzani huzaliwa mahali hapo, na penye ukinzani pana joto. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni: zidisha mkondo kwa mkondo, kisha zidisha kwa ukinzani. Mkondo wa ampea 10 ukipita penye ukinzani wa nusu ya omu, joto lake ni wati 50. Ni zaidi ya joto la pasi ya kulehemu anayoitumia fundi wa redio, nalo limekusanyika mahali padogo kama punje ya mahindi, ndani ya sanduku lililofungwa, limezungukwa na plastiki.

La kutisha zaidi ni kwamba fyuzi haiioni hatari hii. Fyuzi hukatika mkondo ukizidi kiasi, ilhali hapa mkondo haujazidi. Kwa kipimo cha fyuzi mambo yote ni shwari. Aghalabu anayetambua mapema ni mwanadamu mwenye pua na ngozi, aliyesimama karibu kwa saa nane kila siku. Fundi hupita mara moja kwa miezi kadhaa, na meneja huenda asipite kabisa. Mfanyakazi wa kawaida basi ni chombo cha kupimia hatari, na kumwambia arudi kwenye mashine yake ni sawa na kukivunja chombo hicho kwa sababu kimeonyesha kipimo tusichokipenda.

Je, haya yanahusianaje na kituo cha nyuklia? Watu wengi wakisikia neno nyuklia hufikiria mlipuko na wingu. Lakini kituo cha nyuklia, ukikitazama kwa jicho la fundi, ni maelfu kwa maelfu ya nyaya. Nyaya ndizo zinazopeleka habari za joto na mgandamizo katika chumba cha uendeshaji, na ndizo zinazoamuru pampu zisukume maji ya kupoza kinu. Nyaya zikiungua, waendeshaji huwa kama mtu aliyezibwa macho na kufungwa mikono.

Hilo lilitokea Marekani tarehe 22 Machi mwaka wa 1975, katika kituo cha Browns Ferry kilichoko jimbo la Alabama. Wafanyakazi walikuwa wakiziba matundu ya ukutani ambamo nyaya hupitia, na ili kujua kama hewa bado inapenya, walitumia mshumaa: mwali ukiyumba, tundu halijazibika. Siku ile mwali uliyumba, ukavutwa ndani, ukashika sponji iliyotumiwa kuziba. Moto uliendelea kwa muda wa saa saba hivi na kuharibu nyaya zipatazo 1,600. Vifaa vingi vya usalama vya kinu kimojawapo vilishindwa kufanya kazi, na waendeshaji walilazimika kutafuta njia nyingine za kukipoza. Kwa bahati njema mionzi haikutoka.

Mambo mawili katika mkasa huo hayasahauliki. La kwanza, siku mbili kabla yake moto mdogo wa aina iyo hiyo ulikuwa umezuka kwa sababu iyo hiyo, ukazimwa. Habari zake zilijulikana na kuzungumzwa, lakini kazi ya mshumaa haikusimamishwa. La pili, mkuu wa wazimamoto wa mji jirani wa Athens alifika na kushauri mapema kwamba moto ule uzimwe kwa maji. Wakuu wa kituo, kwa kuhofia maji kukutana na umeme, walikataa kwa saa kadhaa. Waliporidhia mwishowe, moto ulizimika kwa muda wa dakika 20 hivi. Elimu iliyohitajika ilikuwako palepale tangu mapema, vinywani mwa watu waliofika. Kilichokosekana ni kiungo kati ya kinywa na sikio.

Miaka 10 baadaye, shirika lile lile la umma lililomiliki Browns Ferry lilijikuta katika fedheha nyingine. Lilikuwa likijenga kituo cha Watts Bar, jimbo la Tennessee, kazi iliyoanza mwaka wa 1973. Mwaka wa 1985, kituo kilipokaribia kukamilika, wafanyakazi walikuwa wamejaa mashaka: wapo waliotilia shaka ulehemuji, wapo waliotilia shaka nyaya na namna zilivyovutwa ndani ya mabomba yake. Wengi hawakuthubutu kuwaambia wasimamizi wao. Ikabidi iletwe kampuni ya nje iwahoji kwa siri, na mashaka yaliyokusanywa yakawa maelfu. Mwaka uo huo shirika lilizima vinu vyake vyote vilivyokuwa vikizalisha umeme. Kinu cha kwanza cha Watts Bar hakikuanza kuzalisha umeme wa kuuza hadi mwaka wa 1996. Sisemi kwamba hofu ya wafanyakazi peke yake ndiyo iliyokichelewesha, la hasha. Lakini nani awezaye kukadiria gharama ya yale ambayo yangesikizwa yakiwa machache, yakaachwa hadi yakawa maelfu? Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wamarekani walijifunza, ingawa kwa kuchelewa. Tangu mwaka wa 1978 sheria yao imemkinga mfanyakazi wa sekta ya nyuklia asiadhibiwe kwa kufichua hatari, na mwaka wa 1996 tume yao inayosimamia vinu ilitoa tamko rasmi la kuwataka wenye vituo wajenge mazingira ambamo mtu husema bila hofu. Ulimwengu nao, baada ya msiba wa Chernobyl wa tarehe 26 Aprili 1986, ulianza kutumia istilahi mpya: utamaduni wa usalama. Maana yake ni kwamba usalama haukai katika zege na chuma pekee. Hukaa pia katika desturi za watu: nani anaruhusiwa kusema, na akisema hutendwa nini.

Sasa turudi nyumbani. Nchi yetu imekuwa ikijiandaa kwa kawi ya nyuklia tangu mwaka wa 2010, ilipoundwa kamati ya kwanza. Kamati ikawa bodi mwaka wa 2012, na mwaka wa 2019 bodi ikawa wakala, huku sheria ya kuudhibiti mionzi ikipitishwa. Wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, walipinga hadharani mwaka wa 2024, na mwaka wa 2025 macho ya serikali yakaelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka wa 2034 umetajwa kuwa mwaka wa kuanza kuzalisha umeme huo. Mimi si adui wa mpango huo wala si mpiga debe wake. Nasema tu kwamba wahandisi watasomeshwa ng'ambo, na vinu vitanunuliwa ng'ambo, lakini desturi ya kusikiliza haiuzwi dukani. Tutaingia katika kituo hicho na desturi tulizo nazo leo katika viwanda, karakana na shule zetu. Kibarua wa mwaka wa 2034 yuko darasani sasa hivi.

Desturi zetu ni zipi? Hapa niruhusu, msomaji, nirudi katika taaluma yangu, kwa maana lugha ni kioo kisichoficha.

Tazama neno usalama. Katika Kiswahili neno hili moja hubeba maana mbili: kukingwa na watu wabaya na kukingwa na ajali. Katika malango mengi ya viwanda utaona limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba usalama ni kwanza. Chini ya maandishi hayo wamesimama mabawabu wanaowapekua wafanyakazi mifuko watokapo. Usalama huo ni wa mali dhidi ya mfanyakazi. Usalama wa mfanyakazi dhidi ya mali, yaani dhidi ya mashine na nyaya, hauna bawabu. Sisemi kwamba neno ndilo lenye makosa. Nasema kwamba maana moja imeimeza nyenziye, nasi hatukushtuka.

Tazama tena jinsi tunavyomwita mtu anayeeleza hatari. Tunasema analalamika, ana wasiwasi, ana kiherehere. Kulalamika ni kueleza maumivu ya nafsi. Mlalamishi hutulizwa au hunyamazishwa. Wasiwasi ni udhaifu wa moyo. Mwenye wasiwasi huambiwa apige moyo konde. Lakini jirani yangu hakuwa akieleza maumivu yake wala udhaifu wake. Alikuwa akitoa habari: mahali fulani pana joto. Habari haitulizwi. Huchunguzwa, ikathibitishwa au ikakanushwa. Tunapoiita habari malalamiko, tunahamisha kosa kutoka kwenye sanduku la umeme na kulitia katika tabia ya msemaji. Na hali lugha yetu ina neno bora zaidi, neno la heshima: mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika miji ya pwani ya kale, mpiga mbiu hakuulizwa kama yeye ni fundi. Watu walikusanyika kwanza, wakasikiliza.

Mwisho, itazame ile sentensi tunayoisoma magazetini kila baada ya moto: chanzo kinaaminika kuwa ni hitilafu ya umeme. Walimu wa sarufi wenzangu, na tuichambue. Mtenda yuko wapi? Hayuko. Twawafundisha wanafunzi kwamba katika kauli ya kutendeka mtenda hana nafasi. Waweza kusema kikombe kimevunjwa na Juma, lakini huwezi kusema kikombe kimevunjika na Juma. Kauli hiyo ni pambo la lugha yetu, na ina matumizi yake mema. Lakini imekuwa pia maficho. Umeme umekatika, waya umelegea, sanduku limeungua, kana kwamba mambo hayo hujitenda yenyewe. Waya ule ulikazwa na nani? Ulikaguliwa lini? Nani aliisikia harufu, akamwambia nani, naye akajibu nini? Hitilafu ya umeme, mara nyingi, ni hitilafu ya masikio iliyovishwa nguo za kifundi.

Huenda mtu akasema kwamba tatizo letu ni ukosefu wa sheria. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kwa msimamizi wake. Inampa haki ya kujiondoa mahali ambapo ana sababu ya haki kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, wala haimruhusu mwajiri amwadhibu kwa hilo. Inataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi, na ukaguzi ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Fundi wa umeme naye sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Karatasi tunazo. Jirani yangu, aliyemaliza kidato cha nne, hakujua hata moja kati ya hizo, na fomu pekee aliyowahi kuiona kazini ilikuwa ya Kiingereza, imebandikwa mlangoni mwa ofisi ambayo yeye haruhusiwi kuingia. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Iweje basi ilani ya kuokoa maisha iandikwe kwa lugha ambayo wengi wa wanaokufa hawaioti usiku?

Nini basi maana ya kulitatua jambo la aina hii? Wengi hudhani ni kuikaza skrubu. Kukaza skrubu ni nusu ya kazi. Neno la mfanyakazi limetatuliwa pale mambo manne yanapotimia: limeandikwa na kupewa tarehe ili lisipotee hewani, limechunguzwa na mtu mwenye ujuzi ambaye si yule anayelaumiwa, jibu limerudishwa kwa aliyelisema, kwa lugha anayoielewa, hata kama jibu ni kwamba hakuna hatari, na aliyelisema hakupoteza chochote kwa kulisema. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau mno, na bila hilo watu hukoma kusema. Mtu aliyezungumza asijibiwe ni kama aliyetupa jiwe kisimani asisikie sauti ya maji. Hatatupa la pili.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Katika mtaala wetu wa Kiswahili tunafundisha insha za kiuamilifu: barua rasmi, ripoti, kumbukumbu. Mada tunazozitoa aghalabu ni ziara ya makavazi au mkutano wa chama cha Kiswahili. Si vibaya. Lakini kwa nini tusimpe mwanafunzi mada hii: umeona soketi iliyoungua katika bweni, mwandikie mwalimu wa zamu ripoti? Tumfundishe kutaja mahali, wakati, alichokiona, alichokisikia au kukinusa, na hatua anayoiomba. Tumwonye asifungue sanduku wala asiguse waya, kwa kuwa kazi yake ni kusema na kazi ya fundi ni kugusa. Tumfundishe kutenganisha alichokiona na anachokidhani. Kisha, na hili ndilo gumu, mwalimu wa zamu amjibu kweli, kwa maandishi. Methali yetu yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tumeirudia hata ikachakaa. Umewadia wakati tuwafundishe pia wakuu kwamba asiyesikia la mdogo huunguza nyumba.

Nilimsaidia jirani yangu kuandika ripoti ya aina hiyo, pale barazani, kwa mwangaza wa taa ya mafuta. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba tarehe fulani, saa nne asubuhi, mashine zote zilipokuwa zikifanya kazi, alisikia harufu ya plastiki inayoungua kutoka sanduku lililo karibu na mashine yake. Kwamba kifuniko kilikuwa na joto kuliko ukuta wa kando yake. Kwamba anaomba fundi mwenye leseni alikague. Na kwamba anaomba kujibiwa. Aliposoma maneno ya mwisho alisita. "Mwalimu, hili la kujibiwa tuliondoe. Litaonekana ujeuri." Tulijadiliana kwa muda mrefu kuhusu maneno hayo mawili kuliko yote mengine. Mwishowe alikubali yabaki. Akanakili mara mbili, moja ya msimamizi na moja ya mwakilishi wa wafanyakazi.

Siku ya nne fundi alikuja. Kijana alimwona akifungua sanduku, akaona jinsi plastiki ya waya mmoja ilivyogeuka nyeusi tangu kwenye skrubu. Waya ukabadilishwa, skrubu zikakazwa, harufu ikatoweka. Hakuna aliyemwambia neno. Juma lililofuata alihamishiwa zamu ya usiku. Hasemi kwamba ni adhabu, nami sina ushahidi wa kusema hivyo. Zamu hubadilishwa kwa sababu nyingi. Lakini kwa kuwa hakujibiwa, hana njia ya kujua, na asiyejua hujaza pengo kwa hofu.

Nilimuuliza, juzi tulipokutana akitoka kazini nami nikielekea kwenye matatu, kama ataandika tena akiona jambo jingine. Alitazama chini, akasogeza kifurushi chake kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Nitafikiria, mwalimu," akasema.

Binti wa Kajiado nilimpa alama za juu kabisa siku ile, na baadhi ya walimu walishangaa. Swali lake bado halijajibiwa. Kabla hatujaenda Siaya kujenga kinu, na tulijibu kwanza hapa Kitengela, penye sanduku moja la umeme na kijana mmoja anayefikiria.